Kifaa cha Kukatia: Kikate Nini, Kikae Wapi

Wazamiaji wengi ninaokutana nao katika pwani yetu huvaa kisu kirefu kwenye ugoko, ndani ya ala ya plastiki yenye mikanda miwili ya mpira, na ukiwauliza ni cha kazi gani, baadhi hutaja papa na wengine husema walikipata pamoja na vifaa vya kukodi. Nimefundisha watu kuzamia kwa muda wa kutosha kuamini kwamba kisu hicho kimewekwa mahali pasipofaa, na kwamba mara nyingi si kifaa kinachohitajika. Hatari ninayoihofia zaidi kati ya Mombasa na Mafia haina meno: ni mshipi wa kuvulia uliokatika, kipande cha jarife (wavu mkubwa wa kutega), kamba ya dema (mtego wa samaki), au waya wa kuvulia nguru uliobaki umejizungusha kwenye mwamba.

Zamani nyavu za pwani hii zilifumwa kwa nyuzi za pamba na kamba zikasokotwa kwa makumbi ya nazi, na chochote kilichopotea baharini kilioza baada ya muda. Nailoni, iliyotengenezwa mara ya kwanza mwaka 1935 katika maabara ya kampuni ya DuPont huko Marekani, haiozi hivyo. Jarife likichukuliwa na mkondo wakati wa kusi na kunasa kwenye matumbawe, linaendelea kuvua bila mwenyewe, na samaki wanaofia humo huwavuta wengine. Kanuni za Uvuvi za Tanzania za mwaka 2009 zinakataza nyavu za uzi mmoja mwangavu, lakini katazo haliwezi kuinua kilichokwisha kuzama. Uzi huo ukiwa mpya hauonekani majini, na ukikaa huota mwani wa kahawia hadi ukafanana na mwamba unaoushikilia. Meli zilizozama zinahitaji tahadhari zaidi, kwa kuwa hukusanya samaki, samaki huwavuta wavuvi, na mishipi ya wavuvi hukwama kwenye vyuma. Hata meli iliyozamishwa kwa makusudi, kama MV Dania nje ya Mombasa mwaka 2002, naikaribia kwa hadhari hiyohiyo.

Mtu hunaswa mahali asipopaona. Mshipi hupita juu ya bega na kukwama kwenye vali ya mtungi, au hujipenyeza kwenye kifungo cha pezi la mguuni, au hushikwa na ile ala ya kisu iliyofungwa kwenye ugoko, jambo linalonifanya niseme kwamba kisu cha mguuni huongeza hatari ambayo kilivaliwa ili kuiondoa. Anayenaswa hugeuka kutazama kinachomvuta, na kila anapogeuka anajizungushia uzi mwingine.

Hesabu ya hewa ndiyo inayonifanya nilitilie mkazo jambo hili kila ninapofundisha. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi bar 200 (bar ni kipimo cha shinikizo) una lita 2,400 za hewa, ukiipima kwa shinikizo la juu ya maji. Mtu mtulivu hutumia takriban lita 20 kwa dakika akiwa juu. Katika kina cha mita 30, ambako shinikizo ni bar 4, anatumia lita 80. Akiwa amebakiwa na bar 50, yaani lita 600, ana dakika saba na nusu. Akishikwa na hofu, pumzi zake huongezeka maradufu kwa urahisi, na muda huo hushuka chini ya dakika nne, naye bado hajaanza kupanda.

Kwa hiyo kifaa kichaguliwe kwa kufikiria kitakachokatwa. Kisu kina kazi yake, hasa chenye ncha butu na makali ya msumeno upande mmoja, kwa sababu kamba nene ya nanga au ya dema hukatwa vizuri kwa kukerezwa. Udhaifu wake ni kwamba kinahitaji uzi uliokazwa. Wavu uliolegea hukikimbia. Kila tundu linajivuta pamoja na ubapa wa kisu, na mzamiaji hulazimika kutumia mkono wa pili kuukaza, mkono ambao huenda nao umenaswa. Kikata-mshipi, yaani wembe mdogo uliofichwa ndani ya mdomo mwembamba wa plastiki, hukata nailoni kwa mvuto mmoja na hakiwezi kutoboa jaketi la kuelea wala kidole, ila hakifai kwa waya wala kwa kamba isiyoingia mdomoni mwake. Kifaa ninachokithamini kuliko vyote ni mkasi wenye ncha butu, kama ule ambao wahudumu wa gari la wagonjwa hukatia nguo za majeruhi. Unatumika kwa mkono mmoja, hauhitaji uzi kukazwa, hupita katika wavu tundu baada ya tundu, na waya mwembamba wa nguru, ambao kisu hukwaruza tu, mkasi mzuri huukata.

Mimi huvaa vifaa viwili, kikata-mshipi kwenye ukanda wa kifua upande wa kushoto na mkasi kiunoni upande wa kulia, kwa kuwa kimoja kinaweza kuponyoka mkononi na kuzama. Eneo linalofaa ni la kati ya kidevu na nyonga, ambako kila mkono unafika bila mwili kukunjwa. Wanafunzi wangu hufanya mazoezi ufukweni kabla ya kuingia majini: wanafumba macho, wanavaa glavu, wanatoa kifaa kwa mkono wa kulia na kukirudisha, kisha kwa wa kushoto. Asiyeweza kukirudisha bila kutazama simruhusu kukivaa hapo. Tunatafuta mahali pengine.

Juzi, kwenye mwamba wa mita 18, mshipi ulimshika mwenzangu kwenye vali. Alisimama papo hapo, akatulia, akanipa ishara, akasubiri. Nilipofika nyuma yake niliona uzi mmoja umezunguka vali na kupita sambamba na bomba la hewa la jaketi lake, vyote viwili vimefunikwa na kivuli cha mtungi. Nikaufuata uzi kwa vidole kutoka mwanzo hadi mwisho kabla ya kugusa mkasi, kwa sababu bomba na kamba chafu havitofautiani sana ukivipapasa kwa glavu. Nilipokata, niliendelea kuushika uzi ule hadi aliposogea mbele, maana ncha iliyoachiwa huelea na kumrudia mtu. Mzamiaji akiwa peke yake asiufikie, itabidi avue jaketi na mtungi majini, kifaa cha kupumulia kikibaki mdomoni, na jambo hilo lifundishwe bwawani kwanza.

Kuhusu chuma, nitasema machache. Chuma cha pua kinachoshika makali vizuri hupata kutu upesi, kisichopata kutu huwa butu haraka, na titani haipati kutu lakini bei yake ni kubwa. Osha kwa maji yasiyo na chumvi kila siku ya kuzamia, kausha, paka grisi ya silikoni kwenye kiungo cha mkasi. Ukisafiri kwa ndege, viweke kwenye mzigo wa chini.

Limebaki suala la wavu wenyewe. Jarife lililotupwa na jarife lililotegwa asubuhi hiyo hayafanani: la kazi lina maboya yanayoelea sawasawa, chubwi zake, yaani vizito vyake, zimelala chini kwa mstari, na nyuzi zake ni safi. Hilo ni mali ya mtu na chakula cha nyumba yake, na halikatwi kwa ajili ya kumfungua samaki au kwa sababu limetuharibia mandhari. Likimshika mzamiaji, likatwe bila kusita, kwa matundu machache iwezekanavyo. Baada ya hapo kiongozi wa msafara aende dikoni, wavuvi wanaposhushia samaki, siku hiyohiyo, amwone bwana diko, msimamizi wa hapo, aeleze ni wapi na ni kiasi gani kimekatwa, na alipe gharama ya kushona kabla mwenye jarife hajalivuta na kulikuta limechanika.