Bata Bukini wa Hakimu: Kichekesho cha Jukwaani Kinapohamia Redioni

Vikundi vya hapa Tabora vikitaka kurekodi mchezo wa zamani wa kuchekesha, kitu cha kwanza kutafutwa ni msimulizi mwenye sauti nzito. "Mkuu wa mji anachukua kofia, kumbe amejivika boksi." Hapo utani umeshakufa, msikilizaji ameambiwa acheke kabla hajasikia cha kuchekea. Tena msimulizi huyo hakuhitajika. Ukiusoma muswada kwa sikio badala ya jicho, utakuta mara nyingi mwandishi ameshaziacha sauti mlemle.

Nachukua Mkaguzi Mkuu wa Serikali wa Nikolai Gogol, uliochezwa mara ya kwanza St Petersburg mwaka 1836, kwa sababu ni mgumu kuliko unavyodhani. Tafsiri ya Kiswahili ipo, ya Christon Mwakasaka. Gogol alifariki 1852, hivyo Kirusi chake ni cha wote, lakini tafsiri ina mwenyewe. Ombeni ruhusa kwa mchapishaji kabla ya kurekodi, na mkikwama waulizeni watu wa hakimiliki, COSOTA. Kisa kinaeleweka bila tanbihi yoyote. Maafisa wa mji mmoja wa wilaya wanasikia mkaguzi anakuja kwa siri, wanamshika kijana mmoja, Khlestakov, aliyekwama nyumba ya wageni bila hela ya chakula, wanamfanya ndiye.

Turudi kwenye boksi. Jukwaani mkuu wa mji anababaika, anajivika boksi la kofia, na mkuu wa polisi anamwambia kuwa hilo ni boksi, si kofia. Redioni, mpeni mwigizaji boksi la katoni la kweli. Aanze sentensi yake kawaida, alivae katikati ya sentensi, amalizie akiwa ndani. Sauti inageuka yenyewe, inakuwa ya mtu aliyeingia kwenye pipa. Msikilizaji anajiuliza kuna nini, ndipo mkuu wa polisi anasema. Kisha boksi linatupwa sakafuni. Mpangilio ni huo huo siku zote: sauti kwanza, swali kichwani mwa msikilizaji, halafu neno.

Onyesho la kwanza lina watu wengi mno kwa redio. Sikio linashika sauti 4 ngeni, labda 5, zaidi ya hapo wote wanakuwa "yule mwanamume". Gogol mwenyewe ametuokoa: mkuu wa mji anamgeukia kila afisa na kumtajia uchafu wa idara yake. Kwa msimamizi wa hospitali ni wagonjwa wachafu, kwa hakimu ni bata bukini wanaofugwa kwenye ukumbi wa mahakama, kwa mkuu wa shule ni mwalimu anayekunja uso. Msikate hotuba hiyo eti ni ndefu, ndiyo orodha ya wahusika. Mnachokata ni watu wasio na kazi, na kila anayebaki aitwe kwa cheo chake mara mbili ndani ya dakika 3 za mwanzo. Daktari abaki. Ni Mjerumani asiyejua Kirusi, na kazi yake yote pale ni kutoa mlio ulio kati ya "i" na "e". Sijui nani angebuni mhusika wa redio bora kuliko huyo.

Bobchinsky na Dobchinsky, mabwana wawili wanaoleta habari kuwa wamemwona mkaguzi, ndio mtego. Jukwaani wanachekesha kwa kufanana: wafupi, vitambi, wanaongea kwa kasi, majina yametofautiana herufi moja. Mkiwarekodi vivyo hivyo mnapata mtu mmoja anayebishana na nafsi yake. Mmoja awe na sauti ya juu na pumzi fupi, mwingine ya chini na avute mwisho wa maneno. Ugomvi wao wa nani asimulie ubaki, ila wakatizane kwenye silabi ya mwisho, si katikati ya neno, la sivyo habari yenyewe inapotea. Waigizaji wa hapa hukimbilia kumpa mmoja lafudhi ya Kinyamwezi na mwingine ya Kiha. Inachekesha dakika 2, halafu watu wanaanza kucheka kabila badala ya uoga wa hawa mabwana. Lafudhi moja kwa mji mzima, basi.

Mwisho wa tendo la pili Bobchinsky anasikiliza nyuma ya mlango, mlango unang'oka, anaanguka nao hadi katikati ya chumba. Mkiweka kishindo peke yake, kwenye spika ya simu kinasikika kama hitilafu ya mitambo. Jengeni kwa vipande: bawaba inayolia taratibu chini ya mazungumzo, mara 2, ili sikio lijue mlango upo, pumzi ya mtu, mita 2 kutoka kwenye maikrofoni, ufito mkavu unaovunjwa, ubao wa kama sentimita 60 kwa 90 unaoangushwa bapa kwenye saruji, kimya cha sekunde moja, kikohozi cha vumbi. Usiangushe ubao karibu na maikrofoni. Kurekodi mita moja na nusu kunatosha, na mshale wa kipimo cha sauti usipande zaidi ya desibeli 6 chini ya kilele, kwa sababu sauti iliyokatika kichwa hairekebishiki. Kisha Khlestakov anamuuliza kama ameumia, naye anajibu kuwa si kitu, ni kauvimbe tu juu ya pua. Mpeni mwigizaji kibanio cha nguo puani kwa jibu hilo.

Kauli za kando, yale maneno mhusika anayojisemea wenzake wasisikie, ndizo zinazoharibiwa zaidi. Katika onyesho la nyumba ya wageni kila mmoja anamwogopa mwenzake. Kijana anadhani anakamatwa kwa deni la chakula, mkuu wa mji anadhani kijana anamchunguza. Wengi hupunguza sauti tu, na msikilizaji anajiuliza mbona huyu wa pembeni hajibu. Kinachotofautisha ni umbali. Mazungumzo ya kawaida yawe shibiri moja kutoka kwenye maikrofoni, kauli ya kando iwe upana wa vidole vitatu, mdomo ukielekea pembeni kidogo ili "p" na "b" zisipasuke. Msiongeze mwangwi, mwangwi ni wa mizimu. Wala msitegemee kushoto na kulia, wasikilizaji wengi wana spika moja.

Maikrofoni ya kawaida ya muziki inatosha. Kazi ngumu ni chumba: magodoro 2 kwenye kona, blanketi nzito nyuma ya mwigizaji, friji izimwe. Kuanzia Novemba hadi Aprili msipange kurekodi alasiri chini ya bati, mvua ya hapa haibishi hodi. Usiku kuna nyenje, kwa hiyo saa moja hadi saa nne asubuhi ndio wakati wenyewe.

Urefu nao. Kipindi cha dakika 30 kina dakika kama 27 za mchezo. Kiswahili cha maigizo kinakwenda maneno 110 hadi 120 kwa dakika, toa milio na muziki, unabaki na maneno 2,600 hivi. Matendo 5, vipindi 5, na kila kipindi kiishie mlango ukigongwa, si methali.

Kuna sentensi moja isiyosafiri. Mkuu wa mji anasema ukitoka pale, hata ukipiga farasi mbio miaka 3 huifikii nchi yoyote. Kwa Tabora inakaa vizuri. Kigoma watacheka vibaya, maana boti za Kongo zinafunga gati palepale mjini. Mkirekodi kwa ajili ya Kigoma, iondoeni.

Mbinu hii haiishii kwa Gogol. Katika Tartuffe ya Molière, iliyoruhusiwa kuchezwa hadharani mwaka 1669 baada ya miaka ya marufuku, Orgon amejificha chini ya meza huku mnafiki Tartuffe akimtongoza mkewe. Mke anamwashiria mume kwa kukohoa, hadi mnafiki anampa dawa ya kikohozi. Hapo hakuna cha kubadilisha, ila Orgon asikike mara moja mwanzoni, goti likigonga mguu wa meza, ili tusimsahau. Na Mabepari wa Venisi ya Shakespeare, iliyotafsiriwa na Nyerere aliyesoma Tabora: makasha 3 ya dhahabu, fedha na risasi yagongwe kwa kidole, kila moja na mlio wake, kabla maandishi yaliyo juu yake hayajasomwa.

Linabaki tatizo kubwa kuliko yote. Gogol anamaliza kwa watu kuganda bila neno karibu dakika moja na nusu, baada ya tangazo kuwa mkaguzi wa kweli amefika. Redioni kimya hicho ni ajali. Vituo vingi vina mtambo unaorusha muziki wenyewe hewa ikinyamaza, na pasipo na mtambo kuna fundi mwenye mkono mwepesi. Punguzeni hadi sekunde 12, na zisiwe tupu. Rekodini dakika nzima ya chumba kikiwa na waigizaji wote wamesimama bila kusema, kwa sababu chumba chenye watu 10 kinapumua tofauti na chumba kitupu, kisha mkate sekunde hizo humo. Kwenye sekunde ya 8 sarafu moja ianguke na kuzunguka sakafuni. Kwenye sekunde ya 11, mbali sana, bata bukini wa hakimu.

Muandikieni fundi mitambo kwenye karatasi ya kipindi, kwa kalamu nyekundu, kwamba kimya hicho kimekusudiwa na tangazo la sabuni lisubiri.