Kishada cha chelewa: kukitengeneza Alhamisi, kukirusha Jumamosi

Chomoa chelewa sita kwenye ufagio wa nyumbani na hakuna atakayegundua. Tatu ndizo za kishada (tiara, kwa mlioko Mombasa), tatu ni za akiba, kwa sababu moja itavunjika mkononi mwa mtoto na nyingine utaikosea mwenyewe. Chagua zilizokauka na kuwa rangi ya kahawia, lakini bado zinapinda kama upinde bila kulia. Mbichi ni nzito, na zikikauka baadaye mafungo yote hulegea. Za ufagio uliofagia uwanja miaka miwili hukatika ukizikunja tu.

Wengi hukimbilia vijiti vya mishikaki. Ni vifupi, na ukiviunga, pale penye kiungo panakuwa pazito na pagumu kuliko pengine pote. Mwanzi ni mzuri ukiwa na mtu wa kuuchonga. Uchelewa umeshachongwa na mnazi wenyewe.

Una kasoro moja, na hiyo ndiyo inayoangusha vishada vingi vya watoto: uchelewa una tako na ncha. Tako ni nene na gumu, ncha ni nyembamba na laini. Ukitumia mmoja kuwa kijiti cha mlalo, upepo ukipiga, upande wa ncha hupinda nyuma zaidi ya mwenzake, kishada hulalia upande huo, halafu kinaanza kuzunguka kama pia mpaka mchangani. Hapo watu huongeza mkia, wakaongeza tena, na ugonjwa uko kwenye kijiti. Kwa hiyo kijiti cha mlalo kiwe cha chelewa mbili zilizolala pamoja, tako la moja kwenye ncha ya nyingine, zikafungwa kwa uzi kila baada ya sentimita 10. Kijiti cha wima kinaweza kuwa uchelewa mmoja mnene, tako likae juu, kichwani.

Kata vyote viwili viwe sentimita 60. Kile cha mlalo kiegemeze juu ya makali ya kisu butu na utafute pale kinapotulia bila kuinamia popote. Kama si sentimita 30 kamili, hata ikipungua au kuzidi nusu sentimita tu, kwangua kidogo kwa wembe upande mzito. Kazi ya wembe ni ya mkubwa. Mtoto wa miaka minane anaweza kupima na kutia alama, wa miaka mitano apewe mkia, tutaufikia.

Weka kijiti cha mlalo juu ya cha wima, sentimita 15 kutoka kichwani, na uvifunge kwa uzi kwa alama ya msalaba, mizunguko mitano kila upande. Halafu chanja ncha zote nne kwa wembe, kina cha milimita 3 tu, na chini ya kila mchanjo zungusha uzi mara kadhaa ili uchelewa usipasuke kuendelea ndani. Sasa pitisha uzi mmoja ukizunguka ncha zote nne ndani ya michanjo hiyo na uufunge ulipoanzia. Hapa chukua futi ya fundi cherehani. Kutoka kichwani hadi kila ncha ya pembeni iwe sentimita 33 na nusu, kutoka mkiani hadi kila ncha ya pembeni iwe 54. Ukipata 33 upande mmoja na 34 mwingine, msalaba umekaa upande. Usogeze sasa, maana karatasi ikishabandikwa hakuna marekebisho.

Gundi ya dukani si lazima. Koroga vijiko viwili vya chakula vya unga wa ngano kwenye nusu kikombe cha maji baridi mpaka mabonge yaishe, ndipo uweke kwenye moto mdogo ukiendelea kukoroga, dakika tatu au nne, mpaka iache weupe na ianze kuwa kama uji mzito unaopenya mwanga. Wanaoanza na maji ya moto hupata mabonge na huishia kuchuja kwa chujio la chai. Iache ipoe kabisa. Tone la limau huizuia kuchacha upesi. Ubwabwa wa jana uliopondwa nao unafaa, ila punje moja isiyopondeka inaacha kivimbe kwenye karatasi.

Kuhusu karatasi: zamani watoto walitumia mifuko ya rambo, na kusema kweli ilifaa sana. Kenya iliipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017 na Tanzania Bara 2019, kwa hiyo turudi kwenye karatasi. Gazeti ni jepesi kuliko karatasi ya kaki na hupaa na upepo mdogo, lakini hunywa unyevu wa bahari upesi na kulegea. Kaki hustahimili zaidi. Unahitaji kipande cha sentimita 65 kwa 65. Gazeti moja lililofunguliwa halifiki hapo, hivyo unganisha mawili kwa kupandisha sentimita 2, na mshono huo ulale sambamba na kijiti cha wima, katikati kabisa. Ukiuacha pembeni umeongeza uzito upande mmoja, na kazi yote ya wembe imepotea.

Laza fremu juu ya karatasi, kijiti cha mlalo kikiwa juu, kata ukiacha sentimita 2 nje ya uzi kila upande, pembe nne zikate butu, kunja ukingo juu ya uzi na ubandike. Gundi iwe nyembamba, ya kupaka kwa kidole kimoja. Ukiimwaga, karatasi hujikunja inapokauka na kuivuta fremu ikapinda. Kausha kivulini, kishada kikiwa kimelala na vitabu vyepesi pembezoni. Ndiyo maana nasema kifanyeni Alhamisi. Kilichobandikwa asubuhi ya safari huachia ukingo kabla hakijavuka mnazi wa kwanza.

Kikishakauka, kipinde. Funga uzi kutoka ncha moja ya pembeni hadi nyingine, upande wa nyuma wenye vijiti, na uukaze mpaka kati ya uzi na msalaba pawe na nafasi ya sentimita 6 au 7. Mpindo huu unakifanya kishada kijirudishe chenyewe kila kinapoyumba. Bila mpindo utahitaji mkia wa mita 4. Ukiwepo, mita 2 zinatosha.

Mkia ndio kazi ya mtoto mdogo. Khanga chakavu ichanwe vipande vya upana wa sentimita 3, vifungwe kimoja kwa kingine, na fundo zikiachwa na masikio yake ndiyo vizuri zaidi. Mkia hautakiwi uwe mzito, unatakiwa ukamate upepo. Wale wanaofunga kijiwe mwishoni wamegeuza mkia kuwa nanga.

Sasa uzi wa kifuani, ule wenye kitanzi cha kufungia uzi wa kurushia, sehemu ambayo watu wengi huifunga kwa kukisia. Toboa karatasi kwenye msalaba, tundu mbili ndogo, na nyingine mbili pembeni ya kijiti cha wima, sentimita 10 kutoka chini. Chukua uzi wa sentimita 95, ncha moja ifunge kwenye msalaba na nyingine kule chini, uzi wenyewe ukining'inia upande wa mbele, usio na vijiti. Ulegee wa kutosha: kati ya fundo la juu na la chini pabaki uzi wa takribani sentimita 75. Piga kitanzi kidogo sentimita 30 kutoka fundo la juu, ibaki kama 45 kwenda chini. Kishike kishada kwa kitanzi hicho: kichwa kinatakiwa kiwe juu kidogo kuliko mkia, na mabawa yote mawili yawe sawa. Kitanzi kiwe cha kusogezeka, kwa sababu ufukweni utakigusa tena.

Uzi wa kurushia, tumia wa cherehani wa poliesta uliosokotwa mara mbili, mita 60 hivi, umeviringishwa kwenye kopo la maziwa. Mshipi wa kuvulia samaki ni imara kupita kiasi: kishada kikivutwa ghafla unakata vidole vya mtoto kabla haujakatika wenyewe. Waya, hata ule mwembamba wa shaba, usiletwe kabisa. Nyaya za umeme ziko kila mahali, na uzi wa kawaida ukilowa maji ya chumvi nao hupitisha umeme. Kishada kilichonasa kwenye nyaya kimekwenda, msikifuate kwa mti wala kwa fimbo.

Kuchagua siku kuna hesabu yake, na walioishi pwani wanaijua bila kuiandika. Upepo wa bahari huamka kadiri nchi kavu inavyopata moto, kwa hiyo saa saba mchana hadi saa kumi ndio muda wenyewe. Kusi (upepo wa kusini mashariki), hasa Juni hadi Agosti, huvuma wa kutulia, na kaskazi (wa kaskazini mashariki) wa Desemba hadi Machi pia unafaa. Katikati ya misimu hiyo, upepo ukiwa haujui uelekeo, kishada hupanda na kudondoka kila dakika na watoto huchoka.

Lakini mchanga unatawaliwa na maji. Wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, pwani yetu kutoka Dar hadi Mombasa maji hupwa kama saa nne au saa tano asubuhi, na kufikia saa kumi jioni yamejaa mpaka kwenye mizizi ya minazi. Familia inafika saa tisa ikiwa na kishada, na ufukwe umebaki mita chache. Siku za maji mafu, wiki moja hivi baada ya hapo, kupwa kunaangukia jioni, saa kumi au kumi na moja. Maji hayaendi mbali kama ya bamvua, lakini mchanga upo saa ile ile upepo ulipo. Saa za kujaa na kupwa huchelewa kama dakika 50 kila siku, hivyo hesabu kwa kuangalia mwezi, na mnaporudi wiki ijayo msidhani mtaukuta ufukwe ule ule.

Coco Beach ya Dar inatazama mashariki, na kusi na kaskazi zote zinakujia kutoka upande wa baharini. Maana yake unasimama ukingoni mwa maji, mgongo baharini, na kishada kinakwenda juu ya watu, minazi na barabara. Ndiyo sababu upana wa mchanga ni muhimu namna hii. Unguja, viwanja vya Maisara viko wazi, ila viko upande wa magharibi, na kusi hufika hapo ikiwa imeshapita juu ya nyumba na miti, inakuja kwa mishtuko. Upande wa Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, upepo ni msafi, si bure wanaoteleza majini kwa vishada vikubwa wamejazana kule. Kokote mtakakokwenda, muwe mbali na njia ya ndege: Kipawa kule Dar na Kisauni ya Unguja si mahali pa kishada.

Kabla ya kufungua uzi, tazama bahari. Povu jeupe hapa na pale juu ya mawimbi ndio upepo wenyewe. Bahari ikiwa nyeupe yote na mchanga unachoma miguuni, karatasi itachanika, leo kuleni mihogo tu.

Kurusha, msikimbie. Mtu anayekimbia na kishada nyuma yake anakivuta kwa upepo wa miguu yake, na akisimama tu kinaanguka. Fungua uzi mita 20, mtoto asimame mwishoni mwake upande ule upepo unakokwenda, akishike kifuani kichwa kikiwa juu, na aachie bila kukitupa. Mwenye kopo avute hatua mbili tu.

Kikivuta sana, kikakaa chini na mbali bila kupanda, sogeza kitanzi juu sentimita 1. Kikipanda mpaka juu ya kichwa chako halafu uzi ukalegea na kikainama, kisogeze chini sentimita 1. Kikizunguka upepo unapozidi tu, ongeza mkia nusu mita. Kikiegemea upande ule ule kila mara, hata upepo ukiwa mdogo, rudi kwenye kijiti cha mlalo na mshono. Kwa muda, funga kipande kifupi cha khanga kwenye bawa la upande wa pili na mchana wenu utaokoka.

Begi la safari libebe selotepu na siyo gundi ya unga, maana kwenye hewa ya chumvi haikauki upesi. Beba mkasi, uzi wa ziada na uchelewa mmoja wa akiba. Mihogo ya kukaanga na ukwaju viliwe baada ya kushusha kishada, kwa sababu karatasi iliyoshikwa kwa mikono ya mafuta hupata madoa mazito yasiyotoka. Na uzi uliokatika uokotwe wote, hadi kipande kilichofunikwa na mchanga, unanasa miguu ya ndege na ya watu.

Nyumbani, legeza uzi wa mpindo ili chelewa zisizoee kupinda, na kitundike ukutani mbali na jikoni. Mende hupenda gundi ya unga kuliko wewe unavyofikiri, wataanza na ukingo. Zile chelewa tatu za akiba, kama zimebaki, zirudishe kwenye ufagio na ukaze kamba.