Nilivyohamishia kazi yangu ya friji Tanga na maisha yakakaa sawa

Watu wa Dar wakisikia umehamia Tanga swali lao la kwanza ni hilohilo, kule kuna hela? Najibu zipo, ila zimekaa tofauti na za Dar, na mi nimezielewa zilivyokaa baada ya kuhamishia huku ufundi wangu wa friji na viyoyozi. Naandika nilivyofanya maana naona mafundi vijana kibao wamebanana Kariakoo na wanaogopa kutoka.

Dar nilikuwa naishi Mbagala, kazi zangu nyingi Upanga na Kariakoo. Kazi zilikuwepo, sidanganyi, lakini unatoka alfajiri na begi la vifaa mgongoni, foleni inakula nusu ya siku, unapiga kazi mbili basi giza limeshaingia, ukifika nyumbani watoto wamelala na mwenye nyumba kaacha ujumbe kwamba kodi ya miezi sita inakaribia. Mke wangu ni Mbondei wa Muheza. Kila tulipoenda kwao msimu wa machungwa tulikuwa tunashuka Tanga mjini kusalimia ndugu, na mimi macho yangu yalikuwa kwenye mafriji tu. Mji uko baharini, joto jingi, samaki wanauzwa kila kona, vibanda vya maziwa vimejaa, na karibu kila friji ninaloliona nyuma lina kutu. Kutu ndo ilinileta huku.

Nieleze hapo kidogo kwa asiye fundi. Upepo wa bahari unabeba chumvi, ile chumvi inatua kwenye kondensa, yaani ule wavu wa mabomba unaotoa joto nje, na kwenye mabomba mengine, ikipata unyevu inaanza kula chuma, na kwenye kiyoyozi inakula mapezi, yaani vile vibati vyembamba vya aluminiamu, hasa pale yanapogusana na bomba la shaba. Linatokea tundu dogo ambalo huwezi kuliona kwa macho, gesi inavuja kidogokidogo, friji linaacha kugandisha. Fundi anaitwa, anajaza gesi, analipwa, anaondoka, na tundu liko palepale.

Nilitangulia peke yangu, nikafikia Makorora kwa mjomba wake mke wangu, nikanunua baiskeli iliyotumika nikafunga boksi la vifaa nyuma. Kazi iliyonifungulia mlango ilikuwa ya mama mmoja anayeuza samaki kule soko la Deep Sea. Nilimkuta anahamishia changu na vibua kwenye madeli ya barafu, friza lake limekufa. Nikamwamkia, shikamoo bi mkubwa, naomba nilitazame. Akaniambia, "Marahaba mwanangu, tazama, lakini kama wataka kunijazia gesi nenda zako, friza hili lanila pesa kila mara gesi, gesi." Nikalivuta kutoka ukutani, nikasugua kwa brashi, nikapaka povu la sabuni kwenye viungo vyote, na pale bomba linapoingia kwenye kompresa, ile mota inayosukuma gesi, povu likaanza kuchemka taratibu. Nikamwita aje aone mwenyewe. Lilikuwa linatumia R600a, gesi inayoshika moto, kwa hiyo nikalitoa nje uwanjani, nikaimwaga yote, nikapitisha naitrojeni kufukuza mabaki ya gesi, ndo nikawasha moto wa kuchomelea. Baada ya hapo nikapaka rangi ya kuzuia kutu, nikalipandisha juu ya matofali lisikae kwenye maji ya chumvi yanayotiririka kwenye samaki, nikamwelekeza kila wiki achomoe umeme apanguse kwa kitambaa cha maji baridi ya bomba na aache likauke kabisa kabla ya kuwasha.

Friza lile halikurudi kwangu kwa shida ya gesi, na yule mama akanitangaza soko zima.

Hapo ndo nikapata wazo ambalo mpaka leo linanilisha. Dar nilikuwa nasubiri kitu kiharibike ndo nile. Huku nikaanza kuuza uangalizi, yaani mteja ananilipa hela ndogo kila mwezi, mi nakuja kuosha kondensa kwa maji yasiyo na chumvi, kukagua viungo, kupaka rangi panapoanza kubanduka, kuangalia mpira wa mlango. Kikiharibika kitu kikubwa tunaelewana bei pembeni. Wauza samaki walielewa haraka kwa sababu hasara ya friza moja kufa usiku wanaijua, wenye maziwa nao vilevile, maana maziwa ya Tanga ni biashara kubwa, wafugaji wapo mpaka ndani ya mji na maziwa yakikaa joto asubuhi ni hasara tupu. Wenye nyumba za kawaida ndo walichukua muda.

Jambo jingine lililonisaidia ni mchanganyiko wa watu. Tanga ina Wadigo, Wasegeju, Wabondei, Wasambaa, Wazigua, Wapemba, Waarabu, Wahindi, na kuna watu ambao babu zao walikuja kama manamba, yaani vibarua wa mkataba, kwenye mashamba ya mkonge kutoka Kigoma huko na Unyamwezini. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Richard Hindorf, mwaka huohuo reli ikaanza kujengwa kutoka hapa kwenda bara, ikafika Moshi mwaka 1911, na hela ya mkonge ndo ilipanua mji huu kwa miaka mingi. Zikaja kamba za plastiki, bei ya mkonge ikaanguka, viwanda vingi vikafungwa, na wazee wanaoukumbuka wakati ule hawanunui friji jipya kirahisi, wanatunza la zamani. Kwa fundi hiyo ni neema. Nina mzee mmoja Mhindi ana friji la enzi hizo, linafanya kazi vizuri kabisa, na kila nikienda kulikagua lazima ninywe chai ya maziwa yenye iliki kwanza ndo niguse kitu.

Sasa watu wakiwa wengi hivi, misimu ya kazi nayo inakuwa mingi. Mwezi wa Shaaban nina kazi mpaka usiku, kila nyumba inataka friji liwe sawa kabla ya Ramadhani kwa ajili ya barafu na juisi za kufuturu, na wauza barafu nao wanaongeza mafriza. Mambo ya Idi yakipoa inakuja Diwali kwa watu wa maduka ya peremende na vitafunio, Krismasi wanashuka watu wa Lushoto na Korogwe, shule zikifunga gesti za Raskazone zinajaa na viyoyozi vinaanza kulalamika. Mwezi mkavu kabisa kwangu ni nadra sana. Mji wa watu wa aina moja usingenipa hivyo, hilo nasema kwa uhakika.

Upande wa kampuni kubwa kuna hela ila uwe makini. Bandari imechimbwa kina cha mita 13 na gati zikapanuliwa, zamani meli kubwa zilitia nanga mbali, mzigo unafuatwa na matishari. Halafu kuna bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima Uganda, kilomita 1,443, linaishia Chongoleani hapahapa. Hayo yote yameleta maofisi, na ofisi ni viyoyozi. Nikakata leseni ya biashara, nikachukua TIN, ile namba ya mlipakodi, nikaweka mashine ya EFD ya kutolea risiti, maana bila risiti huingii getini. Kuna kampuni moja ilinikalisha na ankara yangu muda mrefu sana, nikapiga simu mpaka nikachoka, na ningekuwa sina wale wa samaki na maziwa wanaolipa kila mwezi watoto wangelala njaa. Kwa hiyo kwangu kampuni ni nyongeza tu, msingi ni sokoni.

Kwa kazi moja moja Dar inalipa zaidi, hilo likubali kabla hujafunga mizigo. Lakini kwa kodi ya nyumba ninayokaa Chumbageni, yenye uwanja wa watoto kucheza, Dar ningepata vyumba viwili vya kubanana, nauli ya kazini sina kwa sababu mji ni tambarare na baiskeli inafika kote. Ngamiani ndo rahisi kabisa, barabara zimepangwa kwa namba, mteja anasema niko ya kumi na mbili, dakika chache umefika, hakuna kupigiana simu nusu saa. Saa kumi na moja jioni nikiwa nimemaliza nawachukua wanangu tunaenda kuogelea Raskazone, tukirudi tunapita kwa viazi karai na pweza, na Coastal Union ikicheza Mkwakwani naenda kwa miguu. Mtoto wangu mdogo Dar alikuwa ananiona Jumapili tu. Sa hivi anajua majina ya vifaa vyangu vyote.

Vipuri ndo kero iliyobaki. Kompresa na gesi nyingi naagiza Kariakoo, zinakuja na basi kupitia Chalinze na Segera, kama kilomita 350, ukiagiza asubuhi na duka likawa na mzigo jioni unapokea stendi. Nimejiwekea akiba ya vile vinavyokufa sana huku, yaani feni za nje za viyoyozi, thamostati, kapasita, na makopo ya rangi ya kutu. Kijana wa jirani namfundisha kazi, yeye sasa anabeba Makorora na Mikanjuni, mimi nimeanza kwenda Pangani ambako hoteli za ufukweni zimekaa karibu na maji kuliko hata Deep Sea, kondensa zao ukizigusa zinamong'onyoka mkononi, na wenyewe wameshaniomba bei ya mwaka mzima.