The Lord of the Rings: jinsi Peter Jackson alivyoifumua riwaya na kuisuka upya

Watu wakilinganisha riwaya ya The Lord of the Rings na filamu zake tatu, kwa kawaida huanza kuhesabu vilivyoachwa nje: Tom Bombadil hayumo, Glorfindel hayumo, vita ya mwisho kule Shire haimo. Ni kweli, lakini kiini hakiko hapo. J.R.R. Tolkien, mwandishi wa riwaya, na Peter Jackson, mwongozaji wa filamu, wanaachana njia hasa kwenye mpangilio: nani anajua nini, na anakijua lini. Ukishaona jinsi Jackson alivyopanga upya matukio, unaelewa pia yalikotoka mabadiliko yanayowaudhi zaidi wapenzi wa kitabu. Faramir kuwa mgumu, Sam kufukuzwa ngazini, tukio la mjumbe wa Sauron kuondolewa kwenye toleo la sinema: yote matatu yanatokana na uamuzi mmoja.

(Kama hujasoma wala kutazama na hupendi kuharibiwa utamu, ishia hapa. Kuanzia sasa kila kitu kinatajwa.)

Tolkien aliandika riwaya moja ndefu: Frodo, hobiti (kiumbe mfupi kama mtu) kutoka Shire, anaibeba Pete ya Sauron, bwana wa uovu, ili akaiangamize ndani ya Mordor, nchi ya Sauron mwenyewe, akiwa na rafiki yake Sam na Gollum, aliyewahi kuimiliki Pete hiyo. Kuigawa katika juzuu tatu ulikuwa uamuzi wa kibiashara wa wachapishaji wake, George Allen & Unwin, miaka ambayo karatasi ilikuwa ghali. Juzuu ya kwanza ilitoka tarehe 29 Julai 1954, ya pili tarehe 11 Novemba mwaka huohuo, na ya tatu tarehe 20 Oktoba 1955. Mgawanyo wa mwandishi mwenyewe ni mwingine: sehemu sita, sura 62. Ukitaka kuelewa msuko, fuata sehemu sita na usahau juzuu.

Siri yote imo katika juzuu ya pili, The Two Towers. Sehemu ya III ina sura 11, nayo inawafuata wenzake Frodo wa safari: Aragorn (mfalme mtarajiwa), Legolas, Gimli, mahobiti Merry na Pippin, na mchawi Gandalf. Frodo haonekani humo hata mara moja. Sehemu ya IV ina sura 10 na inarudi nyuma kumfuata Frodo, Sam na Gollum, peke yao, bila kuchungulia upande wa pili. Inaishia Frodo akiwa hai lakini ametekwa na maadui. Halafu sehemu ya V inarudi kwenye vita vya Gondor, ufalme wa wanadamu unaopakana na Mordor, kwa sura 10 nyingine, na katika sura zote hizo Frodo mwenyewe haonekani. Wasomaji wa mwanzo walikaa karibu mwaka mzima wakimjua Frodo kama mateka tu, kwa sababu juzuu ya tatu ilikuwa bado haijatoka.

Taharuki hiyo inafika kileleni mwishoni mwa sehemu ya V. Mbele ya Lango Jeusi la Mordor anatoka mjumbe anayejiita Mdomo wa Sauron. Anawaonyesha Gandalf na wenzake upanga mfupi aliokuwa nao Sam, joho la kijivu lenye bizimu ya Lórien, na deraya ya mithril ya Frodo. Gandalf hajui kama Frodo yu hai, na msomaji naye hajui. Vita vinaanza, Pippin analaliwa na mwili wa jitu, fahamu zinampotea, sehemu inakwisha. Ukifungua ukurasa unamkuta Sam nje ya mnara wa Cirith Ungol, siku 11 kabla ya hapo. Ndipo unaanza kujua kilichotokea.

Sasa tazama tukio hilohilo kwenye toleo refu la filamu ya tatu. Deraya inatolewa, Gandalf anaduwaa, Pippin analia, na mtazamaji hashtuki. Atashtukaje, naye ametoka kumwona Frodo na Sam wakijikokota kwenye uwanda wa Gorgoroth? Anajua zaidi ya Gandalf, kwa hiyo hofu inabaki kwa wahusika. Toleo lililoonyeshwa kwenye majumba ya sinema mwaka 2003 liliondoa tukio hilo lote, na kwa mpangilio wa filamu huo ulikuwa uamuzi sahihi. Kosa la toleo refu ni jingine: Aragorn anamkata mjumbe kichwa. Katika kitabu Aragorn anamtazama tu, mjumbe ananywea na kudai kinga ya wajumbe, na Gandalf anaiheshimu. Mfalme anayeua mjumbe siyo yule ambaye Tolkien alitumia sura nyingi kumjenga.

Tolkien aliiona hatari hii mapema. Mwaka 1958 aliletewa muhtasari wa filamu ulioandikwa na Morton Grady Zimmerman, filamu ambayo haikutengenezwa. Akajibu kwa ukosoaji mrefu, na mojawapo ya mambo aliyoyasisitiza ni kwamba matawi mawili ya juzuu ya pili yasimuliwe kila moja kwa mfululizo wake. Sababu zake zilikuwa mbili: hadithi ieleweke, na matawi yenyewe yanatofautiana mno kwa hali na mandhari. Kuyachanganya, kwa maoni yake, kungeharibu vyote viwili.

Je, Jackson na waandishi wenzake, Fran Walsh na Philippa Boyens, wangeweza kumtii? Sioni vipi. Filamu ya pili ina dakika 179. Kumwondoa Frodo kwa dakika 90 na kumrudisha kwa 90 zilizobaki kungemfanya mtazamaji aone filamu mbili zilizobandikwa pamoja. Msomaji anaweza kufunga kitabu, akatafakari, akarudi kesho. Aliyekaa ukumbini hana nafasi hiyo. Kwa hiyo wakaamua kusuka: dakika chache huku, dakika chache kule, kwa mwendo wa kalenda moja.

Kalenda yenyewe ni ya Tolkien, imo kwenye Kiambatisho B mwishoni mwa juzuu ya tatu, na watu wengi hawaifungui. Fungua uone. Boromir, shujaa wa Gondor aliyejaribu kumnyang'anya Frodo Pete, anakufa tarehe 26 Februari. Vita vya Helm's Deep, ngome ya ufalme wa Rohan, ni usiku wa kuamkia tarehe 4 Machi. Tarehe 5 Machi Gandalf na Théoden, mfalme wa Rohan, wako Isengard, ngome ya mchawi Saruman, na siku hiyohiyo Frodo amejificha karibu na Lango Jeusi. Faramir, mdogo wake Boromir, anakutana na Frodo tarehe 7. Frodo anaingia kwenye pango la Shelob, yule buibui mkubwa, tarehe 12, anatekwa tarehe 13, na vita vya Pelennor, mbele ya mji mkuu wa Gondor, vinapiganwa tarehe 15.

Hapo ndipo tatizo la Jackson linapoonekana. Juzuu ya pili ina mambo mawili makubwa, Helm's Deep upande mmoja na Shelob upande mwingine, lakini kati yake kuna zaidi ya wiki moja. Ukisuka kwa kalenda, Shelob hawezi kuwa kwenye filamu ya pili. Anaangukia siku mbili tatu kabla ya Pelennor, yaani ndani ya filamu ya tatu. Akahamishwa. Na kwa mantiki hiyohiyo kifo cha Boromir, ambacho kwenye kitabu ndiyo sura ya kwanza ya juzuu ya pili, kikarudishwa nyuma kufunga filamu ya kwanza ya mwaka 2001.

Kuhamisha Shelob kuliacha shimo. Helm's Deep ina mvua, mikuki na ukuta unaolipuliwa, huku Frodo na Sam hawana kilele chochote. Katika kitabu Faramir anamhoji Frodo, Sam anaropoka habari ya Pete, na Faramir anaikataa palepale. Alikwishasema kwamba asingeiokota hata angeikuta imelala barabarani. Ni mazungumzo ya pangoni, baada ya chakula, na uzito wake ni wa maneno. Waandishi wakaona hayatoshi kusimama kando ya Helm's Deep. Wakaona pia kwamba filamu imetumia saa nyingi kuonyesha Pete inavyomshika kila mtu, kwa hiyo mtu anayeikataa bila kuyumba angeipunguzia makali. Ndiyo sababu Faramir wa filamu anawaburuta hadi Osgiliath, mji ambao haukuwa kwenye njia yao kabisa. Sam wa filamu mwenyewe anasema kwamba kwa haki wasingekuwa pale.

Naelewa hesabu yao, ila bei yake ni kubwa. Faramir wa kitabu ni ushahidi kwamba watu wa Gondor wanaweza kuwa na hekima bila kupitia anguko kwanza, na anamfanya Boromir aonekane mtu aliyechagua vibaya, si mtu aliyezaliwa na damu dhaifu. Filamu inawapa ndugu wote wawili udhaifu uleule, kisha inamtafutia Faramir sababu katika baba asiyempenda.

Shimo la pili likatokea kwenye filamu ya tatu. Sasa sehemu ya Frodo imejaa ngazi na pango, na katikati ya vita, katika filamu ya dakika 201, inahitaji mgogoro wake. Ukatungwa ule wa mkate: Gollum anatupa lembas, anamsingizia Sam, na Frodo anamfukuza rafiki yake. Kitabuni Frodo na Sam wanaingia pangoni pamoja. Tukio lililosukumwa nje ni dogo sana na ni bora mara nyingi zaidi. Gollum anarudi ngazini, anawakuta wote wawili wamelala, anamtazama Frodo, na kwa kitambo kifupi anaonekana kama mzee aliyechoka tu. Ananyoosha mkono na kumgusa goti. Sam anaamka, anamkemea kwa maneno makali, na nafasi ya toba inapotea moja kwa moja. Tolkien aliandika kwenye barua kwamba kwake huenda hiyo ndiyo nukta ya huzuni kuu kuliko zote katika hadithi. Bila nukta hiyo, Gollum wa filamu ya tatu anabaki mhalifu mwenye mpango, wakati filamu ya pili ilikuwa imefanya kazi nzuri ajabu kumwonyesha kama nafsi mbili zinazopigana.

Kazi hiyo nzuri itajwe. Kwenye sura inayohusu mabwawa ya maiti, Sam anajifanya amelala na kumsikia Gollum akibishana na nafsi yake. Filamu inamtoa Sam kabisa na kuiacha kamera iruke kutoka uso mmoja hadi mwingine, zote zikiwa nyuso za mhusika mmoja anayechezwa na mwigizaji Andy Serkis. Huo ni ukataji wa kawaida wa mazungumzo ya watu wawili, umetumiwa kwa mtu mmoja, na kwa sekunde chache unaamini wako wawili. Kitabu kina aya ndefu ya maelezo hapo. Filamu haihitaji hata sentensi.

Boromir naye alinufaika. Tolkien hakuonyesha pambano lake. Aragorn anasikia baragumu, anakimbia, anamkuta ameegemea mti akiwa na mishale mwilini. Filamu inaonyesha kila mshale, kisha maungamo. Vivyo hivyo mioto ya ishara ya Gondor: kitabuni Gandalf na Pippin wanaiona imeshawashwa wakiwa njiani, na Rohan inaombwa msaada kwa mshale mwekundu unaoletwa na mjumbe. Jackson akauacha mshale, akaukuza moto, na kupata safari ya mlima hadi mlima ambayo muziki wa Howard Shore unaibeba karibu peke yake.

Kuhusu Bombadil nitasema jambo moja tu, kwa kuwa watu hulipita. Akiondolewa yeye, vinaondoka pia vilima vya makaburi, na huko ndiko Merry alikopata upanga wake, uliofuliwa zamani na watu wa kaskazini waliopigana na Mfalme Mchawi wa Angmar. Siku ya Pelennor Merry anamchoma Mfalme huyohuyo, na msimulizi anasema hakuna upanga mwingine ambao ungemtia jeraha chungu kama lile. Filamu inawapa mahobiti panga kutoka kwa Aragorn kule Weathertop, bila historia yoyote. Merry anachoma na inafaulu. Kwa nini imefaulu, filamu haisemi.

Anayetaka kuyaona haya mwenyewe asisome kitabu chote kisha atazame filamu zote. Atakumbuka mandhari na kusahau mpangilio. Tazama filamu ya kwanza, kisha soma sura ya kwanza ya sehemu ya III. Maliza sehemu ya III yote kabla ya kugusa filamu ya pili, na unaposoma sehemu ya IV weka alama ya kurasa kwenye Kiambatisho B, ulinganishe tarehe kila Frodo anapolala na kuamka. Baada ya hapo tazama filamu ya pili, na uiangalie Osgiliath ukijua nafasi ya nani imechukuliwa. Sehemu ya V isome mfululizo, ikiwezekana ndani ya siku mbili tatu, na usichungulie sehemu ya VI. Filamu ya tatu ianze tu ukishafika Lango Jeusi na kuiona ile deraya mikononi mwa mjumbe. Kwa filamu hiyo chagua toleo refu, maana la sinema halina Mdomo wa Sauron, wala halina kifo cha Saruman, ambaye filamu inamwua juu ya mnara wake wa Orthanc wakati kitabu kinamwacha hai hadi mlangoni kwa Frodo, tarehe 3 Novemba, siku ya vita vya Bywater vilivyoua mahobiti 19.