Nilidhani Anasusa Chakula

Sahani iliporudi haijaguswa kwa mara ya tatu, niliandika kwenye faili: "Mgonjwa amekataa kula." Maneno hayo bado yananisuta. Mama yule hakukataa kitu. Njaa alikuwa nayo, ila hata mate yake mwenyewe alikuwa akiyatemea kwenye kitambaa, kwa sababu kuyameza kulimchoma kama kaa.

Wiki tatu kabla ya hapo alianzishiwa dawa ya allopurinoli kwa ajili ya jongo, ugonjwa wa maumivu ya viungo. Ikaja homa, koo likauma, macho yakawa mekundu, kisha malengelenge na ngozi kubanduka. Daktari aliisitisha dawa siku hiyohiyo na kutuambia ni ugonjwa wa Stevens-Johnson, yaani mwili kuipinga dawa vikali hadi ngozi na utando wa ndani ya mdomo kubanduka. Kwa kutazama ngozi tu ungesema ana nafuu, maana eneo lililobanduka halikufika asilimia 10 ya mwili. Sisi wodini tukashughulika na mgongo na kifua. Mdomo tuliutupia jicho tu, tukaona midomo iliyoganda damu, tukapaka mafuta, tukaondoka.

Siku ya nne nilikaa kitandani kwake nikamuuliza, "Mama, ni hamu huna, au ni maumivu?" Akanyoosha kidole kooni. Nikalifungua tena faili, safari hii nikitazama saa. Chakula kilikuwa kinafika saa 1 asubuhi. Dawa ya maumivu ilikuwa inatolewa saa 2.

Nilizungumza na daktari, tukaigeuza ratiba. Mofini, dawa kali ya maumivu, ikatangulia, na karibu na mlo akawa anasukutua kwa benzidamini inayotuliza vidonda vya mdomo. Mafuta ya mgando yalipakwa midomoni kila baada ya saa 2. Alipochoka kusukutua maji ya chumvi, nilitumia sponji laini iliyolowa na kuipitisha polepole kati ya shavu na fizi, maana nyama mbichi zikigusana muda mrefu hushikana, na kuziachanisha baadaye ni mateso mengine. Vinywaji vilikuwa vya baridi au vuguvugu, bila kitu chochote kichachu. Jioni ile alikunywa nusu kikombe cha maziwa, nami nikajiona bingwa.

Kesho yake akapaliwa.

Mwenzangu wa zamu, kwa nia njema, alikuwa amempaka dawa ya ganzi hadi nyuma ya ulimi muda mfupi kabla ya kumpa maji. Koo lenye ganzi halijui maji yamefika wapi. Hata hivyo sikutaka kuitupia ganzi lawama zote, kwa sababu tangu juzi sauti yake ilikuwa imekwaruza, na baada ya kila funda ilitoka na majimaji ndani yake. Dalili ilikuwa masikioni mwangu siku mbili nzima. Nilikuwa nimeyachanganya mambo mawili: maumivu ya kumeza, na kumeza kwenyewe kuharibika. Nilipolituliza la kwanza, la pili likapata nafasi ya kujitokeza.

Nilisimamisha kila kitu cha mdomoni na kuwaita daktari wa koo na mtaalamu wa kumeza. Kamera ilionyesha vidonda mpaka kwenye zoloto, yaani kisanduku cha sauti. Ikaamuliwa awekewe mpira wa kulishia kupitia puani. Nilisisitiza uwe mwembamba na laini, na uingizwe na mkono wenye uzoefu kuliko wote, kwa kuwa kila jaribio linakwangua upya. Plasta haikugusa ngozi yake. Mpira tuliufunga kwa bandeji laini. Kabla ya kulisha tulihakikisha uko tumboni, kisha kichwa kikainuliwa. Mtaalamu wa lishe alimpigia hesabu ya kilokalori 20 hadi 25 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na kupandisha kidogo alipoanza kupona, kwani ngozi haioti kwa matumaini.

Siku ya kumi na moja tulianza upya kwa kijiko kidogo cha kimiminika kizito, akiwa ameketi wima. Baada ya kila kijiko nilimwambia, "Sema aaa, mama." Sauti ikiwa kavu tuliendelea, ikiwa na majimaji tuliacha. Alichoka nami upesi. "Sista, leo nimeimba kuliko kula," alisema, na ndiyo sentensi ndefu ya kwanza niliyomsikia akiitamka. Baada ya siku tatu mpira ulitoka.

Alipoondoka nilimpa kadi yenye jina la dawa asiyopaswa kuigusa tena maisha yake yote, na nikamwonya kwamba chakula kikianza kukwama kifuani arudi haraka. Wiki ya sita alirudi. Umio, yaani njia ya chakula kuelekea tumboni, ulikuwa umebanwa na makovu, ukapanuliwa mara mbili. Sasa anakula kila kitu. Vidonge bado anaviogopa, nami simlaumu.