Panda mizani kabla ya mimba

Unene wa mama huongeza kidogo hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro za mwili, na uzito unaohesabika hapa ni ule wa kabla mimba haijaingia, si ule unaoandikwa kwenye kadi ya kliniki mwezi wa nne. Mrija wa neva, unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, hufunga siku ya 28 hivi tangu mimba kutunga. Kwa hesabu ya hedhi, hapo mwanamke amechelewa wiki mbili tu, na pengine bado anasingizia uchovu. Mrija usipofunga upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Moyo nao unaundwa wiki hizohizo.

BMI, kipimo cha uzito kulingana na urefu, ni kilo ulizonazo, gawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kilo 82, mita 1.60: unagawa kwa 2.56, unapata 32. Kuanzia 30 ni unene uliopitiliza. Pima urefu upya, bila viatu. Wengi hutaja urefu wa kukisia, na sentimita 3 za kujiongezea zinashusha jibu kwa zaidi ya pointi moja.

Lakini tusitishane. Utafiti wa Uswidi wa watoto zaidi ya milioni 1.2 waliozaliwa kati ya 2001 na 2014 ulikuta kasoro kubwa za kuzaliwa kwa 3.4% ya watoto wa mama wenye uzito wa kawaida, 3.8% kwa BMI ya 30 hadi chini ya 35, na 4.7% kwa 40 na kuendelea. Hata kundi hilo la mwisho, watoto 953 katika kila 1,000 hawakuwa nazo.

Mshukiwa mkuu ni sukari. Kisukari aina ya 2 hukaa mwilini kimyakimya, na sukari ikiwa juu katika wiki zile za mwanzo huvuruga uundaji wa viungo. Kwa hiyo pima HbA1c mapema, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu iliyopita. Mwenye kisukari alenge chini ya 6.5%, ikizidi 10%, endelea na uzazi wa mpango kwanza.

Dozi ya kawaida ya asidi ya foliki, vitamini inayosaidia mrija wa neva kufunga, ni mikrogramu 400 kwa siku. Uingereza, mwenye BMI ya 30 au zaidi alikuwa akiandikiwa miligramu 5, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya mimba hadi wiki ya 12, lakini mwongozo wa kitaifa wa 2025 (NICE) unasema unene peke yake si sababu ya kuzidisha dozi ya kawaida. Muulize daktari wako kama una sababu nyingine ya kuhitaji zaidi. Usijiongezee dozi kwa kurundika vidonge vya multivitamini: vingi vina vitamini A, na ikizidi yenyewe huleta kasoro. Aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo wa kupunguza uzito, au anayetumia metformin (dawa ya kisukari) kwa muda mrefu, apime vitamini B12 kwanza, maana foliki nyingi huficha upungufu wake.

Halafu altrasaundi ya wiki 18 hadi 22. Mafuta ya tumbo hufifisha picha, hasa ya moyo na mgongo. Soma ripoti: “haikuonekana vizuri” haina maana ya “iko sawa”. Omba tarehe ya kurudia.