Barabara ya Kilwa, kutoka Bendera Tatu hadi Mnazi Bay

Ukitoka katikati ya Dar es Salaam kuelekea kusini, Barabara ya Kilwa inakuelekeza yenyewe: Bendera Tatu, Mtoni, Kizuiani, Rangi Tatu, Kokoto. Ni majina ya watu waliotaka kuelewana upesi. Palikuwa na mto, palikuwa na kizuizi, palimwagwa kokoto, basi. Nimepita njia hiyo miaka yote nikienda Mbagala kwa ndugu, lakini safari hii tulikuwa tunanyoosha hadi Mtwara. Kiti cha nyuma nilikaa na mtoto wa dada yangu, ambaye mwaka huu kusoma kumemkolea na hakutaka kibao hata kimoja kimpite.

Binamu yangu ndiye aliyeshika usukani. Mbele kando yake alikaa mama yake, shangazi yangu, aliyefundisha shule ya msingi Lindi akiwa msichana. Kusini nzima iko kichwani mwake. Mtoto akisoma kibao kwa sauti, shangazi anamjibu bila kugeuka.

"Jaribu Mpakani! Bibi, walijaribu nini?"

"Mpaka ndio wa kushika, mjukuu wangu. Tulikuwa tunaiacha Mkuranga, tunaingia Rufiji."

Siku hizi upande ule ni Wilaya ya Kibiti, lakini mpaka umebaki kwenye jina. Kwangu hilo ni jambo kubwa. Ofisi zinahama, mipaka inachorwa upya, na bado dereva wa lori anakwambia tukutane Jaribu Mpakani, nawe unajua pa kusimama.

Kuanzia Mkuranga mikorosho inafuata barabara pande zote mbili. Ni mwisho wa Juni, mikorosho inaanza kuchanua, na watu walikuwa mashambani na pampu mgongoni wakipuliza salfa kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe. Vumbi la njano lilikuwa limetanda juu ya majani mpaka kwenye paa za nyumba.

Tulivuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, karibu kilomita moja ya zege juu ya maji ya kahawia. Lilifunguliwa mwaka 2003. Shangazi alimwomba mwanawe apunguze mwendo. Zamani walikuwa wanasubiri kivuko pale Ndundu, na mvua za masika zikishika, kati ya Ndundu na Somanga gari lilizama mpaka kwenye ekseli, abiria wakashuka kusukuma. Mwalimu aliyepangiwa Lindi aliomba meli, asipoipata aliaga nyumbani kama anayekwenda nchi ya mbali. Leo ni lami tupu, ingawa barabara hii haijawa ya kuaminiwa moja kwa moja. Mei 2024 Kimbunga Hidaya na mvua zake vilikata barabara maeneo ya Somanga, na magari yakakwama pande zote mbili.

Somanga lazima usimame. Pweza anachemshwa, anakatwa vipande vya kuchovya kwenye pilipili ya ndimu, na samaki wa kukaanga wanapangwa kwenye beseni, wakubwa juu. Tulikula tumesimama, tukanawa kwa maji ya chupa, tukaendelea.

Kwenye kibao cha Njia Nne mtoto alishuka kwenda kuhesabu njia. Nilimwacha ahesabu.

Kuna watu, na wengine nimesoma nao, wanaosema kwamba majina haya ni ya watu wasio na ubunifu. Sikubaliani nao hata kidogo. Jina kama Njia Nne au Mtoni limetengenezwa kwa ajili ya mgeni. Aliyekulia kijijini hahitaji kuambiwa kwamba hapa njia zinakutana. Anayehitaji ni yule anayekuja kwa mguu na mzigo kichwani, hajui mtu, na jua linakuchwa. Aliyeita mahali kwa kitu kinachoonekana alikuwa anamfikiria huyo. Nikilinganisha na fukwe za kaskazini mwa Dar, ambazo siku hizi zinaitwa kwa majina ya hoteli, naona tumeanza kuwapa wageni matangazo mahali pa maelekezo.

Tumelala Kilwa Masoko. Kilwa ziko tatu, na kila moja imepewa jina la kuitofautisha na dada zake: Masoko ina masoko, Kisiwani iko kisiwani, na Kivinje inaitaja mivinje, ile miti ya pwani yenye majani kama nywele inayovuma upepo ukipita. Pwani ya Masoko inaitwa Jimbiza. Asubuhi maji yalikuwa yamekupwa, wanawake wako mbali kwenye miamba na vijiti vyao vya kuchokolea pweza, na mchangani fundi mmoja alikuwa anakalafati dau. Nilikaa karibu naye muda mrefu. Alikuwa anasokota pamba iliyolowekwa mafuta mpaka iwe kama uzi mnene, anaishindilia kwenye ufa kati ya mbao mbili kwa patasi butu, nyundo ya mbao inalia ko, ko, ko. Kila baada ya shubiri moja alisimama, akapitisha ukucha juu ya mshono. Ukucha ukinasa, alirudia. Nilimuuliza kama sifa, yaani mafuta ya papa, bado inatumika kupaka nje. Alicheka akasema nisubiri upepo ugeuke nitaipata harufu yenyewe.

Kisiwani ni mwendo mfupi kwa mashua, ingawa wakati huu wa kusi tulilowa mpaka kwenye kope. Habari za kale za Kilwa zinasimulia kwamba Ali bin al-Hasan, aliyekuja kwa jahazi kutoka Shirazi, alikinunua kisiwa kwa nguo za kukizunguka chote. Wakati huo maji yakipwa mtu aliweza kuvuka kwa miguu kutoka bara. Mwenyeji aliyeuza akaenda zake akikusudia kurudi na watu wake maji yatakapokupwa, lakini mnunuzi akauchimba mkondo mpaka usivukike tena. Ikiwa ndivyo ilivyokuwa, basi jina Kisiwani lilitimia kwa jembe.

Huko nako majina ni yale yale ya wazi. Kasri la watawala, lenye kuta ndefu za mawe ya matumbawe, linaitwa Makutani. Songo Mnara, kisiwa jirani, ina mnara ndani ya jina lake. Sanje iliyo katikati ni Sanje ya Kati. Na jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lenye vyumba zaidi ya mia moja na birika la pembe nane linalotazama bahari kutoka juu ya mwamba, wenyeji wanaliita Husuni Kubwa, yaani ngome kubwa, kwa kuwa pembeni iko Husuni Ndogo. Sultani huyo ndiye aliyekuwa akitawala msafiri Ibn Battuta alipofika mwaka 1331. Sarafu za shaba za Kilwa zimekutwa hata visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, ambako askari mmoja aliziokota mwaka 1944. Mji uliofika huko kote, na waliobaki kuutunza wameugawa kwa ukubwa na udogo, ili mtoto akitumwa asipotee. Kwenye Msikiti Mkuu shangazi alivua viatu, akaingia chini ya kuba, akakaa kimya. Sisi tulisubiri nje.

Alasiri tulikwenda Kivinje. Nilitaka sana kufika huko na nilikuwa na hofu pia, kwa sababu ya jina moja. Tulipokuwa tunaingia, tulimsimamisha mzee mmoja aliyekuwa anasukuma baiskeli yenye ndoo ya samaki.

"Shikamoo babu."

"Marahaba wajukuu. Mnakwenda wapi?"

"Tunaulizia Mwembe Kinyonga."

Mtoto akachomoza kichwa dirishani akataka kuonyeshwa huyo kinyonga yuko tawi gani. Mzee hakucheka. Alisimamisha baiskeli, akamwambia kwa upole kwamba si yule mdudu wa kubadilika rangi. Ni mti ulionyonga watu. Akamtaja Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga Wajerumani akanyongwa hapo Kivinje mwaka 1895 pamoja na wenzake. Akamaliza kwa kutuelekeza, mnyoofu kabisa, kama anayeelekeza kwenye duka.

Nimekuwa nikilifikiria jina hilo tangu jana. Hasira ya Kivinje haikuanza siku ile. Mwaka 1888 watu wa mji walikwishawaua maofisa wawili wa kampuni ya Kijerumani iliyokuja kujitangaza kuwa ndiyo mwenye pwani. Baadaye serikali ya kikoloni ilikuwa na karatasi zake, mihuri yake, majina ya mitaa kwa lugha yake. Wenyeji hawakuwa na cha kuandikia kwenye zile karatasi. Walichofanya ni kuuita mti kwa kazi uliyofanyishwa, kisha wakaendelea kuishi hapo, wakaoa, wakavua, na kila aliyemwelekeza mgeni akalazimika kulisema tena. Zaidi ya miaka 130 ushahidi umetolewa kwa njia hiyo, na mzee yule mwenye baiskeli alikuwa akiutoa mbele yetu. Sijui kumbukumbu gani iliyojengwa kwa saruji inafanya kazi kila siku kiasi hicho.

Mtoto hakuuliza tena mpaka tulipofika kwenye nyumba za kale za mawe za Kivinje, milango imeng'oka, mikoko ndio inayoanza upande wa pili. Hapo aliuliza kama mti ulijua. Shangazi alimjibu kuwa mti haukuwa na la kufanya. Nililiacha jibu lilivyo, sikuwa na bora zaidi.

Lindi tulipita bila kulala. Kwenye kamusi lindi ni shimo lenye kina kirefu, na ukiuona mji kutoka vilimani, umetulia chini kando ya ghuba, unaelewa. Shangazi alionyesha shule yake kwa kidole na kusema bati wamebadilisha. Halafu tukafika Mnazi Mmoja, panapogawana njia ya Masasi na ya Mtwara. Dar ina Mnazi Mmoja, Unguja ina Mnazi Mmoja. Pwani yenye minazi isiyohesabika, na mahali patatu mtu alisimama akaona mmoja uliojitenga, akajua huo ndio utakaokumbukwa. Binamu yangu anadai dereva wa kwanza wa kila basi ndiye aliyeita. Mimi nadhani ni watu wa miguu, waliotafuta mahali pa kuagania.

Mikindani nitaiandikia siku nyingine, inastahili. Ni mji wa ghuba ya duara, wenye Boma la mwaka 1895 juu ya kilima, ambako Livingstone alipita mwaka 1866 akianza safari yake ya mwisho ya bara.

Leo tumeshinda Msimbati. Kutoka Mtwara njia inapitia Madimba, kwenye mitambo ya kusafisha gesi, kisha inakuwa mchanga mtupu. Gesi hiyo iligunduliwa mwaka 1982 hapo Mnazi Bay, na tangu 2015 inasafiri kwa bomba mpaka Dar es Salaam, njia ile ile tuliyokuja. Ufuo wa Msimbati ni mweupe na mgumu kiasi kwamba magari yanapita juu yake maji yakikupwa. Bahari inakuwa na kina ghafla karibu na nchi kavu, kijani kisha buluu nzito bila kupitia katikati, na ng'ambo, baada ya mdomo wa Ruvuma, ni Msumbiji. Ni eneo la hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000. Tuliogelea tukarudi kukaa chini ya minazi. Hapo sikuhitaji kuuliza kwa nini panaitwa Mnazi Bay.

Kijana wa bodaboda aliyetuongoza kwenye mchanga alisema abiria wake wengi humwambia awashushe kwenye bomba. Si kijiji, hakina kibao, ni kona tu ambayo bomba linaonekana. Mtoto amekiandika kwenye daftari lake, Kwenye Bomba, chini ya Njia Nne.

Kesho tunaondoka alfajiri. Shangazi ametoa sharti kwamba tukifika Mnazi Mmoja tusinyooshe kwenda Lindi, tukate kushoto njia ya Masasi mpaka Mtama, kwa sababu anataka kumwonyesha mjukuu wake shamba la mtama lenyewe. Binamu yangu ameanza kupiga hesabu ya mafuta.